Orodha Mbili na Rula Moja

Wiki iliyopita binti mmoja aliyeajiriwa karibuni katika masijala ya kituo cha afya huko Mbinga vijijini alinipigia simu. Alianza na shikamoo, nikaitikia marahaba, kisha akanieleza kwamba anatengeneza fomu ya wagonjwa kwenye kompyuta na ana orodha mbili anazotaka zionekane pamoja kwenye fomu hiyo moja. Swali lake lilikuwa hili: aziweke ubavu kwa ubavu, au moja chini ya nyingine? Nikamjibu, chini. Akauliza kwa nini. Nikamwambia nina mihogo jikoni, nikakata simu.

Mihogo ilikuwepo kweli, sikumdanganya. Ila haikuwa sababu. Jibu la "kwa nini" ni refu na linaniuma, na sikutaka kulitoa nikiwa nimeshika kisu. Sasa nimekaa. Binti, hili ndilo jibu lako, na wenzako mnaoanza kazi hii mlisome pia, maana nawajua. Mtatengeneza fomu nzuri, mtaipenda, na mkishaipenda hamtaiona tena.

Mimi nilikuwa mtunza kumbukumbu katika kituo kimoja cha afya cha misheni, mwambao wa Ziwa Nyasa, tangu nikiwa msichana wa kusuka mabutu hadi nilipostaafu. Jina la kituo nitaliacha, wenyewe hawakuniomba niwatangaze. Wenzangu waliniita Mama Faili, na jina hilo halikubadilika hata mafaili yalipohamia kwenye kompyuta.

Nilipoingia kazini tulikuwa na bahasha za kaki. Kaya moja, bahasha moja. Ukiifungua unakuta kadi ya kila mtu wa nyumba ile: bibi, mama, watoto, na yule mjomba aliyekuja kuvua kwa miezi mitatu akakaa miaka minane. Utaratibu huo tuliurithi kwa waliotutangulia, na ulikuwa na akili yake, kwa sababu huku kwetu mtu haji kutibiwa peke yake. Analetwa, na anayemleta kwa kawaida anajua habari zake. Kumbukeni hilo neno "kwa kawaida", tutalirudia.

Aliyenifundisha kazi alikuwa muuguzi mkuu, Mama Edeltruda. Alikuwa Mmatengo wa milimani, upande wa Litembo, mfupi, mwenye sauti ya kwaya. Alishuka ziwani kwa ajili ya kazi na hakuacha kulalamikia joto hata siku moja. Mfukoni mwa gauni lake jeupe alikuwa na rula ya mbao ya futi moja, kona zimelika, namba zimefutika kuanzia tatu hadi saba.

Rula hiyo haikuwa ya kupiga mistari. Rejista zetu zilikuwa vitabu vikubwa. Ukifungua kurasa mbili meza imejaa. Jina la mgonjwa liko kushoto kabisa, dawa yake iko kulia kabisa, na katikati kuna safari ndefu ya jicho. Jicho likiteleza mstari mmoja njiani, umempa mtu dawa ya jirani yake. Kwa hiyo tuliweka rula chini ya jina, tukaitelezesha kwenye mstari ule ule hadi ukurasa wa pili, tukasoma kilichoandikwa juu yake. Siku yangu ya kwanza Mama Edeltruda alinipa rula kabla ya kunipa kiti. Alisema siku akinikuta nasoma rejista kwa macho matupu nitapanda gari nirudi kwetu Kihagara, na kwamba nauli atatoa yeye. Mwezi wa pili alinikuta. Hakunirudisha, ila alinifanya nisome rejista nzima ya wiki ile kwa sauti mbele ya wauguzi wote, rula mkononi, kama mtoto wa darasa la kwanza. Tangu hapo mkono wangu ulizoea, ukiona mistari unatafuta rula wenyewe.

Kompyuta ilikuja pamoja na sola. Nilipelekwa Songea kwa mafunzo ya wiki moja, mimi niliyekuwa sijawahi kushika mausi. Mwalimu alikuwa kijana mwenye haraka, kila akimaliza sentensi anauliza "tuko pamoja?" na hasubiri jibu. Nilirudi na mambo mawili kichwani. La kwanza ni kwamba kwenye kanzidata jambo moja liandikwe mahali pamoja tu, usilirudierudie. La pili ni kwamba ndani ya fomu kubwa unaweza kuweka fomu ndogo, na hiyo ndogo ikabeba orodha.

Hili la pili lilinifurahisha kupita kiasi. Juu ya fomu unaweka kaya: namba yake, mkuu wa kaya, kijiji. Chini yake unaweka orodha ya watu wa kaya hiyo. Ukihamia kaya nyingine, orodha nayo inabadilika yenyewe, kwa sababu fomu ndogo inafuata namba ya kaya iliyo juu. Siku nilipofanikiwa nilimwita mpishi wa wodini aje aone. Alitazama, akaniuliza kama nimekula.

Msicheke. Kabla ya hapo, muuguzi alikuwa akisimama dirishani kwangu na mtoto analia mkononi, nami nahangaika. Nafungua watu, nafunga watu, nafungua dawa, nasahau namba ya kaya, narudi kwenye watu. Kuona vyote kwenye kioo kimoja kwa mara moja ni huruma kwa anayesubiri. Hiyo ndiyo maana ya kazi hii, na mkiisahau mtabaki mnachezea rangi.

Nami nilizichezea. Fomu yangu ya kwanza ilikuwa na orodha saba: watu, chanjo, mahudhurio, vipimo, dawa, rufaa, na moja ya mambo mengineyo ambayo hadi leo sijui niliitaka ya nini. Kila orodha ilikuwa na upana wa vidole viwili. Tabibu Gerold, tabibu wetu, aliinama, akavaa miwani, akavua miwani, akasema, "Mama Faili, mgonjwa yuko wapi hapa?" Nilinuna hadi jioni, lakini alikuwa amesema kweli. Nikazipunguza. Ushauri wangu wa bure ni huu: orodha mbili, tatu zikizidi. Nyingine zote mtu azifuate mwenyewe kwa kubofya.

Fomu ya pili ilibaki na orodha mbili. Kushoto niliweka Watu wa Kaya, kuanzia mkubwa hadi mdogo. Kulia niliweka Tahadhari, yaani kile kinachomdhuru mtu: dawa asiyoiweza, pumu, kifafa, mambo ya kujua kabla ya kumgusa. Nilinakili kutoka kwenye bahasha za kaki kwa mpangilio ule ule, mtu mmoja mstari mmoja, na asiye na neno nikamwandikia "Hana". Kioo kilipofunguka mistari ilikaa sawasawa, jina huku, tahadhari yake kule.

Mama Edeltruda hakuipenda kompyuta. Aliiita "televisheni yako". Lakini siku hiyo alikuja dirishani, akatazama kwa muda, akaingiza mkono mfukoni, akatoa rula ya mbao na kuilaza juu ya kioo. Akasoma jina, akafuata rula, akasoma tahadhari. Akafanya hivyo kwa watu watatu na kulinganisha na kadi zao.

"Hii sasa ni rejista," alisema.

Kwa miaka yote niliyomjua hakuwahi kunisifu zaidi ya hapo. Nilitembea siku nzima nikijisikia mrefu. Nawaambia wazi kwamba nilipokuwa nikijisikia hivyo, kosa lilikuwa limeshafanyika, limo ndani ya fomu, linasubiri.

Kosa lenyewe ni hili. Kila mstari wa Tahadhari ulikuwa na namba ya kaya tu. Haukuwa na namba ya mtu. Sikuiweka kwa sababu nilikuwa nimeambiwa nisirudierudie, na nikajiambia kwamba majina si yapo pale kushoto, kila mwenye macho anayaona. Nililishika somo nusu. Jina halina haja ya kurudiwa, ndiyo, lakini namba ya mtu lazima iwepo ili mstari ujue ni wa nani. Orodha zangu mbili zilijua kaya yao, hazikujuana zenyewe kwa zenyewe. Zilikaa jirani tu, na ujirani huo tuliugeuza undugu.

Sasa nawaleta kwenye kaya ya Bibi Kandida. Bibi huyu alikaa Kihagara, njia ya kwenda mashambani, mjane, mtu wa maneno machache. Kwenye fomu kaya yake ilikuwa na watu watano: yeye mwenyewe, binti yake Batilda, na wajukuu watatu, Faraja wa miaka tisa, Osmundi wa sita na Neema wa mitatu. Kulia palikuwa na mistari mitano. Mstari wa nne ulisema: sindano ya penisilini inamdhuru. Ulikuwa wa Osmundi, na Osmundi alikuwa wa nne. Kila kitu sawa.

Msimu wa kuvuna kahawa, mjukuu mwingine aliletwa kutoka milimani kuja kukaa na bibi yake na kusoma huku. Aliitwa Joachimu, miaka kumi na moja. Bibi Kandida alikuja kumwandikisha, nami nikamwandika mwenyewe kwa mkono wangu. Orodha ya kushoto ilijipanga kwa umri kama nilivyoiagiza: Joachimu akaingia nafasi ya tatu, Faraja akashuka ya nne, Osmundi akashuka ya tano. Nikamwandikia Joachimu tahadhari yake, "Hana". Orodha ya kulia haikujipanga kwa umri, ilijipanga kwa jinsi mistari ilivyoingia, kwa hiyo mstari wake ukaenda chini kabisa. Kushoto watu sita, kulia mistari sita. Ukihesabu zimelingana. Hakuna kilichoning'inia wala kupungua. Nilihifadhi, nikamtakia bibi safari njema.

Kama wiki tatu baadaye nilienda Mbinga kupeleka ripoti. Siku hiyo Osmundi aliletwa na kifua kibaya. Bibi yake na Batilda walikuwa msibani Liuli, hivyo aliyemleta alikuwa jirani, mama mwenye moyo mzuri asiyejua lolote kuhusu mtoto zaidi ya jina. Ndiyo ile "kwa kawaida" niliyowaambia. Siku hiyo haikuwa kawaida. Tabibu Gerold aliandika sindano. Mama Edeltruda alimuuliza jirani kama mtoto ana dawa inayomdhuru, jirani akasema hajui. Basi akaingia masijala, akafungua kaya, akalaza rula chini ya jina la Osmundi, mstari wa tano. Upande wa pili rula ilimwonyesha "Hana".

Mtoto alipona, nalisema mapema ili msome bila kuhema. Lakini alivimba uso na midomo, pumzi ikabana, na kama Tabibu Gerold asingekuwa mlango wa pili na adrenalini yake kabatini, leo ningekuwa nawaandikia barua ya namna nyingine au nisingeandika kabisa. Alilazwa siku mbili akarudi kwao.

Nilirejea kesho yake nikakuta kituo kizima kinanong'ona. Bahasha ya kaki ya kaya ile ilikuwa imeshatolewa kabatini, na kadi ya Osmundi ilikuwa na wino mwekundu juu yake: penisilini. Kwa hiyo, walisema, habari ilikuwepo, muuguzi ndiye hakuisoma. Kamati ya kituo ingekaa Alhamisi. Mama Edeltruda alikuwa amebakiza miezi mitano kustaafu. Wengine walikuwa wakisema macho yamemwishia, wengine kwamba aondoke sasa hivi, asisubiri sherehe. Mwanamke aliyezalisha nusu ya mwambao ule angeondoka na barua ya kusimamishwa.

Nilimkuta chumba cha sindano, anapanga vitu ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa. Nilimpa pole. Hakugeuka.

"Nimefikiria sana," alisema. "Labda rula iliniteleza."

Nilitoka nikaenda kwenye kompyuta yangu. Nilifungua kaya ya Bibi Kandida, nikachukua rula ya plastiki niliyokuwa nayo mezani, nikailaza. Osmundi, hana. Nikaipandisha mstari mmoja. Faraja, penisilini inamdhuru. Nikatazama tena kushoto, nikamwona Joachimu pale katikati, na nikaelewa. Rula ya Mama Edeltruda haikuteleza hata unywele. Alisoma alivyonifundisha kusoma, na alisoma sawasawa kile nilichomwekea.

Nitawaambia kitu ambacho sikumwambia mtu kwa muda mrefu. Nilishika mausi. Kuifuta mistari ile na kuiandika upya kwa mpangilio mpya kulihitaji dakika mbili. Hakuna aliyejua namna fomu ile ilivyofanya kazi isipokuwa mimi. Kamati ingekuta jina na tahadhari vimekaa sawa, na Mama Edeltruda mwenyewe alikuwa ameshajihukumu. Nilikaa na mausi ile mkononi kwa muda nisioweza kuupima. Niliogopa kufukuzwa, niliogopa kuchekwa, na zaidi ya yote niliona aibu kwa fomu yangu nzuri. Hatimaye nilizima kompyuta ili nisijaribiwe, nikafunga masijala, ufunguo nikampa Tabibu Gerold bila kumweleza.

Alhamisi kamati ilikaa. Waliponiita kutoa ushahidi niliwaomba wahamie masijala, wote, pamoja na Mama Edeltruda. Walinung'unika, kwa sababu chumba kilikuwa kidogo na chai ilikuwa imeshamiminwa. Nilifungua kaya. Nikamwomba Mama Edeltruda rula yake, nikampa mwenyekiti, mzee mstaarabu aliyekuwa mwalimu mkuu.

"Mzee," nikasema, "nisomee, huyu Faraja anadhuriwa na nini?"

Alilaza rula kwa uangalifu mkubwa, kama mtu aliyesahihisha madaftari miaka thelathini. "Penisilini," akasema.

Nikamfungulia bahasha ya kaki nikampa kadi ya Faraja. Hana. Nikampa kadi ya Osmundi yenye wino mwekundu. Akaweka rula tena, akasoma tena, akanitazama. Nikasema aliyekosea ni mimi, na nikawaeleza kama nilivyowaeleza ninyi, orodha moja kujipanga kwa umri na nyingine kutojua habari hizo. Nilisema kwamba yeyote kati yao angesimama pale juzi angemchoma mtoto yule sindano ile ile.

Mama Edeltruda alisogea mbele. Alichukua rula yake kutoka mkononi mwa mwenyekiti, akaifuta kwa gauni, akatoka.

Alisafishwa kabisa, kwa maandishi. Mimi nilipewa barua ya onyo, ninayo hadi leo kwenye bahasha ya kaki, na niliamriwa kuifungia fomu na kurudi kwenye karatasi mpaka nitakaporekebisha. Niliona ni haki. Mama Edeltruda hakunisemesha kwa wiki nzima, na hilo liliniuma kuliko barua.

Marekebisho hayakuwa ya kompyuta tu, na hapo ndipo vijana wengi mnakosea. Kuongeza safu ya namba ya mtu kwenye Tahadhari nilifanya asubuhi moja. Kazi ilikuwa kuijaza. Kila mstari uliosema jambo ulihitaji kuulizwa: wewe ni wa nani? Bahasha zilijibu kwa walio wengi. Kwa waliobaki nilipanda bodaboda na karatasi mkononi, kijiji hadi kijiji. Mzee mmoja mvuvi nilipomsomea tahadhari za kaya yake alidai zote ni zake, ikiwemo ya mimba iliyoharibika. Kaya nyingine nilikuta ina nyumba mbili, moja ziwani na moja juu milimani, kijiji cha Ruanda penye kahawa, na watu wake wameandikwa kotekote, huku wana pumu na kule hawana. Nilijifunza pia kwamba neno langu "Hana" lilikuwa na uongo ndani yake. Wengine niliwaandikia "Hana" kwa sababu kadi ilikuwa tupu, na kadi tupu maana yake hakuna aliyeuliza. Tangu hapo nilitumia maneno mawili tofauti, "Hana" na "Hajaulizwa". Muuguzi akiona la pili anajua kwamba kazi ya kuuliza bado ni yake.

Nilimwachia Bibi Kandida mwisho kwa sababu nilimwogopa. Nilimkuta anaanika dagaa kwenye chanja nyuma ya nyumba, Osmundi anakimbiza kuku. Nilimwamkia, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Aliendelea kutandaza dagaa mpaka nikamaliza.

"Kwa hiyo ugonjwa wa mjukuu wangu mliuandika," alisema, "ila hamkuandika kuwa ni wa kwake."

Nikasema ndivyo. Sijawahi kusikia mtu wa kompyuta akilieleza tatizo lile vizuri zaidi.

"Basi nitakuwa nakuja," akasema. "Kila nikija utanisomea."

Fomu ya tatu ndiyo ninayokushauri, binti. Juu kabisa kaya. Chini yake orodha ya watu. Chini ya watu, si ubavuni, orodha ya tahadhari, nayo haifuati kaya, inafuata mtu uliyembofya. Ukimbofya Faraja unaona za Faraja peke yake. Ukimbofya Osmundi, za Faraja zinaondoka. Na juu ya orodha ile ya chini niliweka kwa herufi kubwa: Tahadhari za, halafu jina linalobadilika lenyewe. Mtu akisoma mstari anasoma na jina la mwenye mstari. Orodha zikikaa ubavu kwa ubavu, jicho lililofundwa kwenye rejista litavuka tu, huwezi kulizuia na huna haki ya kulilaumu. Kwa hiyo kabla ya kumkabidhi mtu fomu yako, ilazie rula juu yake. Kisha ongeza mtu mpya katikati ya orodha, ilaze tena. Kama rula inaweza kusema uongo, fomu haijaisha.

Nilipoikamilisha nilimwita Mama Edeltruda aijaribu. Alikuja, bado amenuna. Akambofya mmoja, akambofya mwingine, akaomba nimwongezee mtu wa uongo wa miaka saba, nikamwongeza, akabofya tena wote kuanzia juu. Akaitoa rula, akatafuta pa kuilaza. Chini palikuwa na mstari mmoja tu na jina juu yake. Alisimama nayo hivyo, kisha akaiweka mezani kwangu, akasema joto la leo halivumiliki, akatoka. Hakurudi kuichukua. Alistaafu kwa ngoma na keki, akarudi kwao milimani penye baridi, na rula iko hapa ninapoandikia.

Bibi Kandida naye alitimiza alichosema. Alikuja kwa miaka kumi na moja, wakati mwingine na mgonjwa, wakati mwingine bila. Alisimama dirishani akasema "nisomee", nami nikambofya Osmundi na kusoma kwa sauti. Hakuwahi kuniambia amenisamehe, nami sikuuliza. Kuna siku nilichoka, foleni ndefu, nikatamani kumwambia bibi, haijabadilika. Sikumwambia. Nilimsomea.

Siku yangu ya mwisho kazini walinipa kitenge na chupa ya chai. Nilikuwa nafunga droo alipofika, amemshika Osmundi bega, maana miguu ilikuwa imeanza kumkatalia. Osmundi alikuwa na miaka kumi na saba, ilimbidi ainame kuchungulia dirishani.

"Nisomee," akasema bibi.

Niliugeuza uso wa kompyuta kuelekea kwao nikamsogezea kijana mausi, nikamwambia atafute jina lake. Alilitafuta kwenye orodha, akalibofya. Orodha ya chini ikafutika, ikarudi na mstari mmoja. Akasoma kwa sauti, jina lake kwanza kisha mstari wenyewe, taratibu, wakati bibi yake ameinamisha kichwa anasikiliza.

"Ni ya kwako?" bibi akauliza.

"Ni ya kwangu, bibi."

Ndipo akaniangalia mimi.

"Basi, mdogo wangu," akasema. "Sasa nenda ukapumzike."